Sahihi Tatu Zilizofanana

Wanaotafuta kazi huulizana swali moja kila kukicha: namba ya leseni, au ya usajili wa taaluma, iandikwe kwenye CV au iachwe? Mmoja atakwambia iandike, tena kwa herufi nene, maana mwajiri akiiona moyo unatulia. Mwingine atakwambia uifiche kama unavyoficha namba ya siri ya simu, kwa kuwa matapeli wamejaa. Kisa kinachofuata nimekitunga kwa kuunganisha mambo yanayotokea mitaani kwetu, ndiyo maana wahusika wake hawana majina. Nimekipenda kwa sababu washauri hao wote wawili wamo ndani yake, na hakuna hata mmoja anayetoka salama.

Palikuwa na kijana wa Kihonda, Morogoro, fundi umeme. Alisoma chuo cha ufundi cha VETA mpaka akapata cheti cha NVA ngazi ya tatu, kisha akabeba begi la vifaa la fundi mmoja mzee kwa muda mrefu kuliko alivyopenda. Mwishowe akaomba leseni ya ufungaji umeme kutoka EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, akapewa daraja C. Kwa wasiozoea mambo haya: fundi hawezi kuamka tu akafunga umeme kwenye nyumba ya mtu na kuweka jina lake. Sheria ya Umeme ya mwaka 2008 inataka awe na leseni, na leseni hizo zina madaraja, A, B, C, D na mengine ya kazi maalumu, kulingana na ukubwa wa kazi unayoruhusiwa kuigusa. Kijana alikuwa na kila sababu ya kujivunia. Wengi aliosoma nao walikuwa bado wanafanya wayaringi kwa kificho, wakimwomba mwenye leseni awasainie.

Siku ile ile aliyopewa leseni alikwenda stationari kurekebisha CV. Dada wa pale akamfungulia faili alilokuwa akilitumia kwa wateja wote, akafuta majina ya aliyetangulia, akaandika ya kijana. Juu kabisa, chini ya jina, zikakaa herufi kubwa zenye namba ya leseni ya EWURA. Hapo sina ugomvi naye. Ugomvi wangu ni na vilivyofuata: tarehe ya kuzaliwa, kabila, dini, hali ya ndoa, namba ya kitambulisho cha taifa (NIDA), namba ya mtihani wa kidato cha nne, jina la baba, na wadhamini watatu na simu zao.

Hebu tusimame hapa kidogo. CV ya Kitanzania imekuwa hati ya kujivua nguo, na hatujui ni nani aliyetuamuru. Namba ya NIDA ina tarakimu 20, na nane za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku uliyozaliwa. Mtu aliyeficha umri wake kwenye CV lakini akaweka NIDA hajaficha kitu. Namba ya mtihani nayo ni mlango ulio wazi. Matokeo ya baraza la mitihani, NECTA, yamewekwa kwenye mtandao, na mwenye namba yako na mwaka wako ataona hesabu ulipata F na Kiswahili ulipata B, kabla hujakalishwa kwenye kiti cha usaili. Mwajiri anayeitaka kwa uhakiki ana haki yake. Lakini ni wangapi wameitaka? Mara nyingi tunaiweka kwa sababu faili la stationari lina nafasi yake.

Tangazo lilikuja kwenye grupu la WhatsApp la nafasi za kazi. Kampuni ya sola, iliyojiita ya kimataifa, ilitaka mafundi wenye leseni, mshahara mnono, nyumba na usafiri juu yao. Muombaji atume CV, barua ya maombi yenye sahihi ya mkono, nakala ya leseni, na vyeti vyote vilivyogongwa muhuri wa wakili, vyote kwenye PDF moja. Anwani ilikuwa ya Gmail. Haikuwepo ofisi, haikuwepo tovuti, wala jina la mtu wa kuuliza. Ila zilikuwepo herufi nyekundu: mwisho wa kupokea maombi ni leo saa kumi jioni.

Kijana akakimbia. Kwa wakili alilipia kila nakala. Stationari akaandikiwa barua, ikachapwa, akaombwa aisaini ili iskaniwe. Hakuwa na kalamu. Dada akampa ya kuazima, ile inayofungwa na uzi pale kaunta, na wino wake ulikuwa unakata. Herufi ya mwisho ya jina lake iliruka: mkia ukaanza, ukapotea, ukatokea tena mbele kidogo. Akataka kurudia, dada akamwambia barua nyingine ni mia tano. Akaiacha hivyo hivyo. Saa kumi kasorobo PDF ikaenda. Jibu halikuja, na kwa kuwa asiyejibiwa ni wengi kuliko anayejibiwa, hakushangaa.

Miezi ikapita. Asubuhi moja akapigiwa simu na mtu aliyejitambulisha kuwa polisi, Dar es Salaam. Alidhani ni wale matapeli wa “ile hela tuma kwa namba hii”, akakata. Ikapigwa tena, safari hii ikatajwa namba ya leseni yake tarakimu kwa tarakimu.

Huko Chanika, Dar es Salaam, nyumba ya vyumba vitatu ilikuwa imeungua upande wa sebule. Hakuna aliyefariki. Mama mwenye nyumba aliamka na harufu ya plastiki, akawatoa watoto, majirani wakamwaga mchanga na kukata umeme kwenye meinswichi. Paa la sebule likashuka. Waliokwenda kukagua walikuta kitu ambacho fundi yeyote aliyesoma angekichukia: soketi za sebuleni, pamoja na ile ya friji, zilivutwa kwa waya wa milimita 1.5, ambao ni wa taa; soketi hutaka 2.5. Breka iliyowekwa ilikuwa kubwa mno kwa waya ule, kwa hiyo waya ulipopata moto breka haikuona sababu ya kujikata. Juu ya dari, maungio yalisokotwa kwa mkono na kufungwa nailoni. Ethi haikuwepo kabisa. Kilichokuwepo ni kipande cha nondo kilichochomekwa nje ya ukuta ili kionekane.

Kazi ile ilikuwa ya kishoka, fundi wa kificho asiye na leseni. Lakini kishoka hawezi kupeleka fomu ya kuomba umeme. Hizo zilikuwa siku za karatasi, kabla maombi mengi ya umeme hayajahamia kwenye simu, na fomu ya mteja ilikuwa na sehemu ya fundi aliyefanya wayaringi: jina, namba ya leseni, sahihi, muhuri. Vyote vinne vilikuwepo, na vyote vilikuwa vya kijana wa Kihonda, ambaye Chanika alikuwa akiisikia tu kwenye redio.

“Huu muhuri ni wako?” afande alimuuliza.

“Sio wangu, afande. Mimi muhuri wangu ni wa duara. Huu ni wa mstatili.”

“Na hii sahihi?”

Akaitazama kwa muda. Hapo ndipo alipopata taabu, kwa sababu sahihi ilikuwa yake. “Hii ni yangu. Lakini sijaiweka mimi.”

Mtu akisema hivyo kituo cha polisi, ajiandae kukaa sana. Kijana alikaa mpaka mjomba wake aliyekuwa akiishi Gongo la Mboto alipokuja kumdhamini, na hata hapo alitoka na sharti la kurudi kila wiki. Nauli ya Morogoro na Dar ikala akiba yote. Wateja wa Kihonda nao wakasikia kwamba fundi wao “amechoma nyumba ya watu”, wakaanza kutafuta mwingine.

Aliyemwokoa alikuwa mkaguzi mmoja wa umri wa kustaafu, mhandisi aliyekuwa ameshaona mihuri ya kila namna. Kijana aliingia ofisini akatoa shikamoo, mzee akaitikia marahaba, akamwonyesha kiti. “Kaa. Usiogope, ila usinidanganye.” Mezani palikuwa na fomu tatu za nyumba tatu tofauti, zote zenye jina lake. Mzee alizichukua, akaziweka moja juu ya nyingine, akazipeleka dirishani penye jua. Akazisogeza kidogo kidogo mpaka sahihi zikalingana. Zililingana kila mkunjo, kila mwinamo, na mkia wa herufi ya mwisho ulikatika mahali pale pale katika fomu zote tatu, kwa nafasi ile ile, kisha ukatokea tena.

“Sahihi yako mwenyewe huwezi kuirudia hivi,” mzee alisema. “Hata ukijitahidi, ya pili itatofautiana na ya kwanza. Hii haikusainiwa mara tatu. Imesainiwa mara moja, ikachapwa mara tatu.”

Kijana akakumbuka ile kalamu. Barua alizowahi kusaini zilikuwa nyingi, lakini yenye mkia uliokatika ilikuwa moja tu. Ilikuwa bado kwenye simu yake, ndani ya PDF ile ile. Grupu la WhatsApp lilikuwa limeshafutwa. Laini ya aliyeweka tangazo ilifuatiliwa, ikakutwa imesajiliwa kwa kitambulisho cha bibi mmoja wa kijijini ambaye hakuwahi kumiliki simu ya kutelezesha. Aliwahi tu kusajili laini kwa wakala aliyemwambia “weka kidole tena, mtandao umegoma”. (Ukitaka kujua ni laini zipi zimesajiliwa kwa NIDA yako, piga *106#. Fanya leo, usiseme utafanya.)

Sasa ndipo tunafika mahali ambapo kisa kinaachana na ushauri wa kijiweni. Kijana alishusha pumzi akasema, “Mzee, kosa langu ni ile namba. Nisingeiandika kwenye CV, haya yote yasingenipata.”

Mzee aligeuza kompyuta yake. Kwenye kioo palikuwa na orodha ya mafundi wenye leseni: majina, namba, madaraja, mikoa. Jina la kijana lilikuwemo, na namba yake pembeni. Orodha hiyo ipo ili mwenye nyumba aweze kuuliza kabla hajamkabidhi mtu nyumba yake. Yeyote angeweza kuisoma, mwizi pamoja na mama wa Chanika. Kilichoibwa kwenye PDF hakikuwa namba. Namba ilikuwa nje tangu siku aliyopewa leseni. Kilichoibwa ni sahihi, pamoja na sura ya leseni yenyewe, na uhakika kwamba mwenye vitu hivyo yuko mbali na hatasikia.

Na mama wa Chanika je? Aliuona muhuri ukigongwa mbele yake, akaridhika. Muhuri huo ulichongwa na mchonga mihuri wa barabarani kwa elfu kadhaa, ukawa na jina la kweli, namba ya kweli, na simu ya uongo. Angepiga simu iliyo kwenye muhuri, angeongea na kishoka. Angeuliza EWURA wenyewe kama simu hiyo ni ya fundi huyo, angegundua. Hakuwaza, na simlaumu sana, maana hata ofisi kubwa hufanya hivyo hivyo: namba ikiwepo, watu huiheshimu kana kwamba imeshahakikiwa na mtu mwingine.

Nchi hii ilishapata somo hilo kwa bei kubwa. Tarehe 28 Aprili 2017, pale Chuo Kikuu cha Dodoma, Rais John Magufuli alipokea taarifa ya uhakiki wa vyeti vya watumishi wa umma. Watumishi 9,932 walikutwa na vyeti vya kughushi, na hicho ndicho kilichopigiwa kelele nchi nzima. Mimi kilichonishika ni kingine kilichokuwa ndani ya taarifa ile ile: vyeti 1,538 vilivyokuwa vikitumiwa na watu 3,076. Yaani cheti kimoja, watu wawili, mmoja labda mwalimu huku na mwingine labda karani kule. Vyeti hivyo havikuhitaji kuchongwa. Namba zake zilikuwa sahihi, shule zake zilikuwepo, na ofisa aliyeuliza “je, namba hii ipo?” angejibiwa kwamba ipo. Swali ambalo halikuulizwa kwa miaka yote hiyo ni kama aliyeileta ndiye mwenyewe.

Kwa hiyo mimi, kabla ya kuweka kitu chochote kwenye CV, ningejiuliza: mtu asiyenijua akikishika hiki, atakitumia kujua kwamba mimi ni mimi, au atakitumia kuwa mimi? Namba iliyo kwenye daftari la wazi la bodi inafanya la kwanza. Msomaji anaichukua, anakwenda kwenye daftari, anakuta jina, daraja, labda na muda wa leseni. Sahihi ya mkono inafanya la pili. Nakala safi ya cheti, yenye muhuri wa wakili, inafanya la pili vizuri zaidi, kwa kuwa wakili ameshaisaidia kuaminika. NIDA iko katikati, na kwa jinsi tunavyoitumia kila mahali, mimi ningeihesabu upande wa hatari.

Kijana hakupata muda wa kufikiri hivyo. Alifanya kile ambacho mtu aliyeumwa na nyoka hufanya akiona jani likitikisika. Alirudi stationari akafuta. Akafuta NIDA, vizuri. Akafuta namba ya mtihani, vizuri. Akafuta na namba ya leseni, akaandika badala yake kwamba leseni ipo na itaonyeshwa ikihitajika. Hata daraja hakulitaja. Kesi ilipolegea, akaanza kuomba kazi upya na CV hiyo iliyofungwa komeo.

Mkandarasi mmoja wa kusambaza umeme vijijini alikuwa akitafuta mafundi wa daraja C. Safari hii kampuni ilikuwa ya kweli, yenye ofisi, yenye mabango barabarani. Dada wa utumishi alikuwa na rundo la CV mezani na maagizo ya bosi: kwanza hakiki leseni, ndipo uite watu. Akafungua orodha, akaanza kupitia. Mwenye namba alimtafuta kwa namba, akampata, akaweka alama. Asiye na namba alimtafuta kwa jina, na majina yetu mnayajua: Juma Ally wako kumi, na mmoja kwenye leseni ameandikwa Ali. Kufikia katikati ya rundo alichoka. Wasio na namba akawaweka pembeni, ili “awarudie baadaye”. Baadaye hiyo hamna anayeijua. Kijana alikuja kuambiwa haya na rafiki yake aliyeajiriwa pale, mtu waliyesoma naye, ambaye kwa haki hakumshinda kwa lolote.

Ndipo alipokwenda kwa yule fundi mzee aliyemlea kazini, wakakaa na kuiandika CV upya, bila faili la stationari. Mzee wake hakuwa mtu wa maandishi, lakini alijua kitu kimoja ambacho dada wa utumishi angekipenda: mteja hataki kutafuta. Mstari wa leseni ukawa na mambo matano tu: leseni ya ufungaji umeme, EWURA, daraja C, namba na mwaka inapoisha. Jina likaandikwa herufi kwa herufi kama lilivyo kwenye leseni, hata kama kwenye cheti cha kidato cha nne lilikuwa na tahajia nyingine. Hilo la jina watu hulipuuza, na linaangusha wengi kuliko namba. Tarehe ya mwisho nayo si pambo. Leseni iliyokwisha muda, ikiachwa kwenye CV bila tarehe, inaonekana ni udanganyifu hata kama ni usahaulifu.

Sahihi ikatoka kabisa. Barua ya maombi inayokwenda kwa barua pepe inatosha kuwa na jina lililochapwa chini. Najua ipo milango inayotaka barua iliyosainiwa, ukiwemo ule wa Ajira Portal wa serikali, na huko utasaini na kuweka NIDA na vyeti kwa sababu unajua unaingia kwa nani. Tofauti ndiyo hiyo. Ofisi inayojulikana, yenye sheria juu ya kichwa chake, ikiomba vitu hivyo, mpe. Gmail isiyo na sura ikiomba vitu vile vile kabla hata ya kukuita, jiulize inavitakia nini. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inamtaka anayekusanya taarifa zako awe na sababu ya kuzikusanya na asizitumie kwa jingine. Sheria haitamkamata tapeli kabla hujatuma PDF, lakini inakupa ujasiri wa kuuliza mwajiri halali: vyeti nitavileta siku ya usaili, inafaa? Mwajiri halali mara nyingi atasema inafaa. Na akisisitiza apewe nakala, iandikwe juu yake, kwa mshazari, katikati ya maandishi: nakala kwa maombi ya kazi fulani, kampuni fulani, tarehe fulani. Kishoka anaweza kuifuta, ndiyo. Lakini kishoka ni mvivu, na kwenye grupu lile alikuwa na PDF za watu wengine chungu nzima ambazo hazikuandikwa chochote.

Taaluma nazo hazifanani, kwa hiyo anayetoa jibu moja kwa wote amekosea kabla hajamaliza sentensi. Wakili hana cha kuficha: hali yake inatazamwa kwenye mfumo wa e-Wakili wa Mahakama, na anayetaka kujua kama ameruhusiwa kufanya kazi mwaka huu anajua ndani ya dakika. Mhandisi aliyesajiliwa na bodi yake, ERB, namba yake iko kwenye muhuri anaogonga juu ya michoro, michoro inayopita mikononi mwa halmashauri, benki na mafundi. Kuificha kwenye CV ni kujisumbua. Kwa hao, namba iandikwe.

Vijana wa kompyuta wana hali nyingine. Vyeti vya kampuni kama Microsoft na Cisco huja na njia za uhakiki zilizotengenezwa kwa kazi hiyo hiyo. Mwenye cheti cha Microsoft anaweza kutoa kiungo cha kuonyesha rekodi yake, na akaamua kukizima akimaliza kuomba kazi. Huyo hana sababu ya kuandika namba ya akaunti yake ya mitihani kwenye karatasi itakayozunguka mwaka mzima. Aweke jina la cheti, mwaka, na kiungo. Wapo wanaoweka namba ndefu mpaka tano chini ya jina, moja kwa kila mtihani, na ukurasa wa kwanza unajaa tarakimu kabla msomaji hajajua mtu huyu amewahi kufanya kazi gani. Hapo hatari si wizi. Hatari ni kuchosha.

Kuhusu waajiri nitasema kwa ufupi, maana wao hawasomi makala za namna hii. Kuomba namba halafu usiihakiki ni vibaya kuliko kutoiomba. Na kuihakiki bila kumtazama mtu aliyeileta ni nusu ya kazi. Siku ya usaili mwambie alete leseni halisi na kitambulisho, soma majina mawili, tazama picha, tazama sura. Mambo hayo hayahitaji mfumo wa kompyuta.

Kijana alipata kazi kwa CV ile mpya, kwa mkandarasi mwingine, baada ya kusubiri. Kesi ya Chanika iliisha kwa upande wake. Kwa upande wa kishoka haikuanza, kwa kuwa hakupatikana. Fomu nyingine zenye muhuri ule wa mstatili ziliendelea kuibuka, moja Mbagala, moja Kibaha. Wenye nyumba waliambiwa waite fundi mwenye leseni awakagulie upya, kwa gharama yao wenyewe. Baadhi waliita. Wengine walisema taa zinawaka, tatizo liko wapi.

Mmoja wa walioita, mama wa duka huko Mbagala, alipelekewa kijana mwenyewe na mkandarasi wake, bila mtu kujua kwamba nyumba ile ilikuwa tayari imepitishwa kwa jina lake. Alipofika na begi lake, mama alichukua leseni kupitia tundu la geti, akaisoma, akamtazama, akaisoma tena. Kisha akamwambia asubiri hapo hapo nje, akaingia ndani kupiga simu EWURA.